Jina Lililokubaliwa na Bima

Kijiji kizima cha Murungu kilimwita Baba Odeta, lakini kampuni ya bima ilimwandikia Pasikali Nkunzimana kwamba Odeta si mtoto wake. Haikusema hivyo waziwazi, maana watu wa ofisi wana namna yao ya kukutukana kwa Kiswahili sanifu. Ilisema mgonjwa Odeta Nduwayezu hana uhusiano uliothibitishwa na mwanachama, kwa hiyo haitalipa.

Bili ya hospitali ilikuwa milioni moja na laki saba: siku kumi na moja kitandani, damu chupa tatu, oksijeni. Mtoto alikuwa na miaka sita, malaria ikamshinda. Ili wapewe maiti wakazike, Pasikali alitia saini kwamba bima isipolipa ndani ya miezi miwili, atauza shamba. Na shamba lenyewe ni hilo hilo moja. Mshahara wake wa ulinzi kule kambi ya wakimbizi ya Nduta haulishi watoto wanne waliobaki.

Basi akaenda Kasulu, kwenye ofisi ya bima. Tangu mazishi alikuwa hivyo: anaamka, anavaa, anakwenda. Hakulia. Watu walimpa pole naye akawajibu asante, kama mtu aliyerudishiwa chenji.

Ofisini alimkuta karani kijana, Mudathiri, mwenye heshima zake.

"Shikamoo mzee. Tatizo ni ubini. Wewe Nkunzimana, mtoto Nduwayezu. Mfumo unakataa."

"Marahaba. Kwetu kila mtoto ana jina lake," Pasikali akasema. "Hata baba yangu hakuwa Nkunzimana. Hatugawani jina kama blanketi."

"Mimi nakuelewa, mzee. Mfumo ndio haukuelewi. Cheti cha kuzaliwa unacho?"

Hakuwa nacho. Basi, Mudathiri akamwelekeza, aende kwa wakili akaape kwamba mtoto yule jina lake halali ni Odeta Nkunzimana.

Nduwayezu ni jina alilolichagua Esteri, mkewe, baada ya siku mbili za uchungu. Maana yake, mimi ni wa Yesu. Sasa jamani, mtu afanyeje? Atoe jina au atoe shamba? Pasikali akaapa, wakili akagonga muhuri. Alingoja asikie kitu moyoni, asisikie, na hilo likamtisha kidogo.

Baada ya wiki tatu Mudathiri akampigia simu: bili imelipwa. Shamba limepona. Pasikali akaenda kuchukua barua, akapewa na kadi ya bima juu yake.

"Mfumo ukisharekebisha jina, unatoa kadi mpya wenyewe," Mudathiri akasema, hamtazami usoni. "Saini hapa umepokea."

Akasaini. Alikuwa amezoea kusaini.

Nyumbani Esteri aliipokea kadi akaisoma polepole. "Odeta Nkunzimana. Mwisho wa matumizi, Desemba mwakani." Akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Huyu ni nani?"

"Ni yeye huyo huyo."

"Hapana. Wangu ni Nduwayezu, na nimemzika." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Akamrudishia kadi. "Huyu wako ni mzima. Mtafutie pa kulala."

Pasikali akabaki amesimama mlangoni. Machozi yaliyokataa kumtoka kule makaburini yakamjia hapo, watoto wote wanne wakimwangalia.