Mzazi Haendi Majani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, hata mlinzi akanidhania mgonjwa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uuguzi na ukunga, nikapata mkataba wa miaka miwili katika mradi mdogo wa magonjwa ya wanawake ndani ya hospitali moja ya Moshi. Kutoka Kiboriloni, ninakoishi hadi leo, nilikuja kwa miguu kwa kuogopa kwamba gari lingechelewa, kisha nikaanza kuogopa vumbi la viatuni. Mkataba huo sasa umekwisha. Wengi husubiri mvi ndipo waandike habari za kazi yao. Mimi sijafika thelathini, lakini mradi umefungwa na walionifundisha wamestaafu kweli, hivyo nawaandikia wadogo zangu watakaopata kazi ya namna hii, nikiwa bado nakumbuka vizuri.

Aliyenipokea alikuwa Muuguzi Mfawidhi, yaani msimamizi wa wauguzi wote wa kitengo, mama mnene mwenye sauti ndogo. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika, akanikabidhi mfano wa nyonga wa plastiki wenye viungo vya uzazi vinavyochomoka.

"Kizazi kimeshikiliwa na nini?" akaniuliza.

Nikamtajia kano zote, zile kamba ngumu za mwili zinazokifunga kizazi mbele, pembeni na nyuma, kwa majina yake ya kitabuni.

"Na chini?"

"Misuli ya sakafu ya nyonga."

"Vizuri. Sasa mimi ni mama wa Kibosho, nimeacha ng'ombe hajala. Nieleze."

Kila neno lililonijia lilikuwa la darasani, na kila nililotaka kuweka mahali pake niliona litamuudhi mtu. Mfawidhi akauchukua mfano mikononi mwangu.

"Mwambie ni parachichi dogo lililogeuzwa, shingo iko chini. Juu limening'inizwa kwa kamba, chini limekalia kitanda cha kamba. Kamba zikilegea na kitanda kikibonyea, parachichi linashuka. Hayo majina mengine katunze."

Kazi yetu ilikuwa hiyo, kushuka kwa kizazi. Shingo yake huanza kuteremka ukeni, na kwa wengine hutoka nje kabisa. Mwanamke anajisikia kama amekalia kitu. Akikohoa mkojo unamponyoka, akikaa kanisani anakaa upande. Husababishwa na uzazi wa mara nyingi, uchungu uliochukua muda mrefu, umri baada ya hedhi kukoma, na mizigo. Huku mlimani mizigo ni majani. Ng'ombe wetu hawaendi malishoni, wanafungiwa bandani ndani ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kati ya migomba, na chakula kinawafuata. Wanawake hushuka tambarare kukata majani na mabua, kisha huyapandisha mlimani kwa kichwa. Ukimkosa mama nyumbani, utaambiwa amekwenda majani.

Historia ya jambo hili nilifundishwa na Daktari Bingwa wa kitengo, mzee mpole aliyependa kuzungumza wakati wa chai. Alituambia kwamba zamani za kale huko Ulaya waganga waliamini kizazi kinatembea mwilini kama mnyama. Kikipanda kifuani, mwanamke walimnusisha uvundo na kumwekea manukato chini, ili kivutiwe kurudi.

"Na kikishuka?" nikauliza.

"Wapo waliomfunga mwanamke kwenye ngazi, kichwa chini, wakamtikisa."

"Walipona?"

"Asiyepona aliogopa kusema, maana angerudishwa kwenye ngazi."

Wengine, alisema, waliweka nusu ya komamanga ukeni kama kizibo, na hapo walikuwa wamekaribia. Kisha wakaja wapasuaji wa maiti. Walichora vizuri, wakaipa mirija, vifuko, hata uwazi mdogo ulio nyuma ya kizazi, majina yao wenyewe. "Lakini walimchora mwanamke amelala mezani, amekufa," alisema Daktari Bingwa. "Hakuna hata mmoja aliyemchora akiwa na majani kichwani."

Baadaye nilipelekwa kliniki ya Bomang'ombe. Mganga Mfawidhi wa kituo kile, kijana mwenye haraka, alitupa chumba kando ya stoo ya chanjo. Huko nilijifunza kupima. Mwanamke akilala, kizazi hurudi mahali pake kwa adabu na usione kitu. Kwa hiyo baada ya kumlaza tulimsimamisha, mguu mmoja juu ya stuli, tukamwambia akohoe. Aliyehitaji pete tuliivisha hapohapo. Pete ni duara laini la silikoni linalowekwa ukeni kukiegemeza kizazi, mjukuu wa lile komamanga. Unakadiria ukubwa kwa vidole, unaivisha, kisha mama anatembea uani, anachuchumaa, anakohoa. Ikibaki mahali pake, anakwenda nayo na kurudi kwa zamu ya kuisafisha. Mama mmoja mfanyabiashara wa sokoni nilimuuliza mara tatu kama haimbani.

"Mwanangu," akasema akijifunga kanga, "ya ndoa ilinibana kuliko hii."

Ambao pete haikuwatosha walipelekwa kwa Daktari Bingwa. Yeye alikirudisha kizazi juu, akakishona kwenye kano zilizobaki imara, akakaza na misuli ya chini. Upasuaji ulikwenda vizuri. Shida ilikuja baadaye, pale wanawake tuliowaruhusu wakitembea kwa furaha walipoanza kurudi na tatizo lilelile. Daktari Bingwa hakuwa mtu wa kupaza sauti. Siku aliyorudi mwanamke wa tatu, mzee alivua glavu na kusema, "Mimi nashona, ng'ombe wanafumua."

Nilipewa kazi ya kuwahoji. Kila mmoja nilimkumbusha kwamba tulimkataza kubeba kitu kizito.

"Sikubeba kizito," aliniambia mmoja, akinishangaa. "Nilibeba majani tu."

Jumamosi moja nilikwenda kwa shangazi yangu mlimani nikaomba nijaribu mzigo wake. Sikuweza kuuinua kufika kichwani. Shangazi alicheka, akauliza kama chuoni tulikuwa hatuli. Njia nzima ya kurudi nilifikiria neno "kizito". Nikapanga namna nyingi za kulisema upya, kwa kulinganisha na ndoo, na debe, na mtoto wa mwaka. Kisha nikajiuliza, hata akielewa, majani yatakatwa na nani?

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Tarakea, mpakani, ambako wanawake hubeba na magunia ya biashara. Daktari Bingwa alikuja huko kushona kwa mara ya mwisho kabla ya kustaafu, na baada yake hatukujua kama angepatikana mwingine. Katika waliosubiri alikuwapo Mama Aikande. Umri wake ulikuwa umepita hamsini, amezaa sita, na kizazi chake kilitoka nje kabisa. Nilimjaribishia pete zote tulizokuwa nazo. Kila moja alifika nayo mlangoni tu, ikadondoka.

"Basi nitarudi mwakani," alisema.

"Mwakani huenda daktari hayupo, mama."

"Aikande amekaribia kujifungua, uzao wake wa kwanza. Mume wake hana mama, hivyo anakuja kwangu. Nikilala hospitali, nani atampikia mtori wa ndizi na nyama? Nani atambebea maji?"

"Utayabebaje maji katika hali hii?"

"Nitabeba kwa mkono mmoja. Mwingine nitakishikia hicho." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza namna ya kupanga mboga sokoni.

Akishonwa, mwanawe angekosa mlezi. Tena kwa nilivyomwona, angeinuka kitandani kwenda kumhudumia, na mshono ungefumuka. Asiposhonwa, angebaki vile maisha yake yote. Nilimwendea Daktari Bingwa, nikamweleza kwa kirefu mno. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Amekuja na nani?"

Alikuja na mama mkwe wake, bibi mwembamba aliyeketi kwenye benchi la nje na fimbo yake magotini. Tuliwaingiza wote wawili.

"Shikamoo, bibi," Daktari Bingwa akamwamkia, naye mwenyewe ana mvi.

"Marahaba, baba."

"Aikande akijifungua, atakaa ndani muda gani?"

"Miezi mitatu," bibi akajibu bila kufikiri. "Mzazi hashiki panga, hashiki ndoo. Anakula mtori, anakula kisusio, ananenepa. Akitoka amekonda, watu watatucheka sisi, si yeye."

Kwa asiyejua, huku mzazi ni mwanamke aliyetoka kujifungua, na kisusio ni supu ya damu ya mbuzi anayechinjwa kwa ajili yake.

"Na huyu mama yake, nikimshona?"

"Huyo hajazaa."

"Amezaa sita, bibi. Nitamshona palepale walipopita hao sita. Na kovu lake halishiki vizuri mpaka miezi mitatu hiyohiyo."

Bibi alimgeukia mkwe wake. "Nilikuweka ndani ulipomzaa Aikande?"

"Uliniweka, mama."

"Na wa mwisho?"

Mama Aikande alitazama sakafu. "Wa mwisho nilitoka mapema. Ilikuwa msimu wa kahawa, na wewe ulikuwa unaumwa."

Nje mtu alikuwa akimwita muuguzi na hakuna aliyeitika. Mwishowe bibi aligonga fimbo chini mara moja.

"Basi miezi ya yule wa mwisho ataikaa sasa. Huyu ni mzazi. Mshone, daktari. Watakuwa wawili."

Mume, aliyewasindikiza na kubaki nje, aliitwa kutoka uani. Baba Aikande ni mzee wa kanisa, mtu wa koti hata wakati wa jua. Alisikiliza yote kwa heshima, kisha akauliza swali moja: "Na majani?"

"Una kichwa," mama yake akamjibu.

Mama Aikande alishonwa. Aikande naye alijifungua salama, mtoto wa kike, akaja na kichanga chake kihambani kwa wazazi wake. Nilipokwenda kumkagua mgonjwa wangu, nilikuta vitanda viwili katika chumba kimoja, mama upande huu na binti upande ule, kila mmoja na bakuli la mtori. Bibi alikuwa mlangoni juu ya kigoda, fimbo imelala kwenye kizingiti.

"Nikisikia ng'ombe analia, mwili unataka kuinuka wenyewe," Mama Aikande aliniambia.

"Ukiinuka utaniruka mimi kwanza," bibi akasema bila kugeuka.

Siku hiyo nikiteremka niliwakuta wanaume wameketi mbele ya ghala la kahawa la chama cha ushirika. Baba Aikande alikuwa anapandisha, majani kichwani, koti amelitundika begani, shingo imekakamaa kama ya mtu aliyejifunza jambo ukubwani.

"Mzee wa kanisa," mmoja akamwita, "tukununulie kanga?"

"Mzazi haendi majani," akajibu, akaendelea kupanda.

Tangu hapo tulibadili utaratibu, hadi hospitalini Moshi ambako Daktari Bingwa aliendelea kushona mpaka alipostaafu. Kabla ya kumpangia mwanamke siku ya kushonwa tuliita familia yake, na swali la kwanza halikuwa tena la damu wala presha, lilikuwa hili: nani atamweka ndani? Familia za Kiislamu za mjini zilikuwa na arobaini yao, siku za mzazi kukaa ndani, tukawaomba waifanye mara mbili na zaidi kidogo. Wapo waliokubali mbele yetu na kumtoa mwanamke baada ya wiki chache. Wapo ambao hawakuwa na mtu wa kuwaweka ndani, na hao bado nawafikiria. Lakini nyuso tulizoziona zikirudi zilipungua, na Daktari Bingwa alistaafu akiwa amenyamaza kuhusu ng'ombe.

Mnaoanza kazi hii mtakabidhiwa mchoro mzuri. Kizazi kimechorwa katikati ya karatasi nyeupe, mirija imenyooshwa kama mikono, kila sehemu na mshale wake. Jifunzeni mchoro huo wote. Halafu mjue kwamba mgonjwa wenu atakapofika, kizazi chake kitakuja pamoja na mkwe, kihamba, banda na msimu wa kahawa, na hivyo navyo vinakivuta juu au chini. Mimi nilihangaika sana kutafuta maneno ya kumkataza mwanamke. Ilikuwa afadhali kumtafuta mtu atakayebeba.

Miezi mitatu ilipotimia, Mama Aikande alirudi kliniki, amenenepa, kitenge kipya, mume na mkwe nyuma yake. Nilimlaza, nikampima. Nikamsimamisha, mguu juu ya stuli.

"Kohoa, mama."

Akakohoa. Nikamwambia tena, kwa nguvu zaidi. Nikamwomba mara ya tatu, akaniuliza kama nataka apate kifua. Hakuna kilichoshuka. Nilimwambia kwamba sasa ametoka ndani, anaweza kupika na kuchota maji kidogo, ila majani asiyarudie kamwe. Niliposema hilo la mwisho nilimtazama mume, na moyoni nikiwa na hofu yangu ya kawaida, maana sasa miezi ya desturi ilikuwa imekwisha na sikuwa na kingine cha kuegemea.

Wiki yangu ya mwisho mlimani nilipita tena mbele ya ghala la kahawa. Wanaume walikuwa palepale, na Baba Aikande alikuwa anapandisha mzigo, safari hii bila koti.

"Mzee," wakamwambia, "si mzazi ametoka? Tumemwona kanisani."

"Ametoka."

"Sasa mbona bado ni wewe?"

Akasimama, akauweka sawa mzigo kichwani kwa mikono miwili.

"Ng'ombe ni wangu," akasema.