Raba Nyeupe Juu ya Kabati

Navaa viatu namba arobaini na tatu, na mimi ni mwanamke. Shuleni walinicheka mpaka wakachoka wenyewe. Mama naye, kila mwanzo wa muhula, aliitazama miguu yangu na kushusha pumzi, kana kwamba nilikuwa nimeikuza makusudi ili kumtia hasara. Mtu pekee aliyeifurahia ni kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Tulipomaliza kukua tulijikuta tunavaa saizi moja. "Manze siste," akaniambia, "Mungu ametupea rafu moja ya viatu!" Na rafu hiyo tukaijaza.

Sisi ni watu wa mtaa wa Umoja. Baba alikuwa dereva, na alipofariki alituachia nyumba ya zamani ambayo Mama aliiongeza vyumba vya kupangisha, mbele na nyuma, mpaka uwanja wetu ukabaki korido nyembamba ya saruji kutoka mlangoni kwetu hadi getini, na mfereji, bomba la maji la nyumba nzima, katikati. Nilikulia kwenye korido hiyo, na Jumapili alasiri nilikaa hapo kwenye kigoda na beseni, nikisugua raba kwa mswaki mkuukuu na sabuni ya kipande. Kamba za viatu naloweka peke yake. Ndani nashindilia magazeti ili kiatu kisipoteze umbo, kisha naanika kivulini. Anayeanika raba juani hajui anachofanya, na mimi watu wa namna hiyo siwaazimi viatu vyangu.

Kazi ya kuosha ilikuwa yangu, ya kuwinda ilikuwa ya kaka. Siku za kufungua robota la mitumba alidamka akaenda soko la Gikomba, kwa muuzaji mmoja mkazi wa Majengo, mtu mpole aliyefunika biashara yake kwa turubai kila ikiadhiniwa, akaenda kuswali. Muuzaji huyo alituwekea kamera, yaani zile nzuri zinazotolewa kwanza kabla wengine hawajaingiza mikono. Kaka alikuwa na namna yake ya kuzikagua. Alikunja kiatu, akakinusa, akabonyeza soli kwa kidole gumba, halafu akatazama kisigino kilivyolika. "Huyu mzungu alikuwa anaburuta mguu wa kushoto," alisema, na muuzaji akacheka. Mama hakucheka. Kwake vile vilikuwa viatu vya watu waliofia Ulaya, na sisi tulikuwa tunamjazia nyumba wafu.

Kitu kimoja kaka alinifundisha tangu mwanzo: raba ni ya kuvaliwa. Soli nene zile za povu, ukizifungia kwenye boksi miaka na mikaka, unyevu unazila kutoka ndani bila wewe kuona. Juu zinang'aa kama mpya, lakini siku utakayozivaa zitakumomonyokea miguuni. Ndiyo maana tulizivaa zote kwa zamu, hata zile za thamani. Tulizivaa kwenda kanisani na kwenda dukani, na wakati mwingine kila mmoja alivaa jozi tofauti asubuhi, tukabadilishana jioni. Nilikuwa na raha, nasema kweli. Mtaani watoto walituita wale wa raba, na mimi niliyechekwa miguu nikawa natembea shingo juu.

Jozi aliyoipenda zaidi ilikuwa nyeupe, soli nene, na mstari wa kijani kisiginoni. Nilikuwa nimemwoshea hiyo kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, nikaiacha mlangoni, magazeti bado yamo ndani. Ilikuwa Jumamosi, chai iko jikoni. Kaka akavaa slipa akasema anaenda kuchukua maziwa na mkate. Duka liko pale kwenye kona, ukisimama getini unaliona.

Hakurudi. Mwanamke anayeuza sukumawiki kwenye kona alituambia kwamba wanaume wawili wasio na sare walimwita kama watu wanaomjua, wakamshika kiuno cha suruali, wakamtia kwenye gari. Alituambia mara moja tu. Tulipomrudia alikuwa amehamisha meza yake upande wa pili wa barabara, akasema hakuona kitu, labda tulimsikia vibaya. Simlaumu, naye ana watoto.

Tulizunguka vituo vyote tulivyovijua, na kila mahali tukaambiwa hapa hayupo mtu kama huyo. Tulipomaliza vituo tukaanza vyumba vya maiti. Mama alikaa nje kwenye benchi na kitabu chake cha nyimbo, mimi nikaingia. Nyuso sikuziweza. Nilimwomba mhudumu anifunulie miguu tu, kwa sababu kidole chetu kidogo, changu na cha kaka, kimelala juu ya mwenzake. Nilikuwa natafuta mguu wangu mwenyewe. Niliiona miguu mingi ya vijana, mingine bado ina vumbi la siku waliyokufa, na kila nilipokosa nilichotafuta nilitoka nikamwambia Mama hayupo, naye akasema asante Yesu.

Mama alikuwa na hoja yake, na hoja hiyo ilikuwa zile slipa. "Mtu anayekwenda mbali havai slipa," alisema. "Yeye mwenyewe alijua anarudi." Akaziokota raba nyeupe pale mlangoni, akazitia kwenye boksi, boksi akalivisha mfuko wa nailoni, akalizungushia utepe wa gundi na kulipandisha juu ya kabati chumbani kwake. Nusu ya chini ya rafu, zile alizojinunulia kaka mwenyewe, akaifunika kwa leso. Akaniambia zile za juu ni zangu, za chini zina mwenyewe.

Baada ya mwaka na kitu shangazi yangu alikuja, dada yake Mama, mwanamke mwenye moyo mzuri lakini asiyejua kunyamaza. Akasema sasa tufungashe, nguo na viatu tuwape vijana wa ukoo, tufanye maombi, Mama apumzike. Mama aliweka kikombe chini taratibu. "Nguo za mtu zinagawanywa akishazikwa," akasema. "Wewe umemzika wapi? Nionyeshe kaburi nikapalilie." Shangazi aliondoka hajamaliza chai. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuitaja ile leso, mimi pia sikuthubutu.

Gikomba niliendelea kwenda. Najua watu walisema, tazama huyu, ndugu yake amepotea naye anahangaika na viatu. Waseme. Pale kwenye milundo ya raba ndipo mahali pekee nilipomsikia kaka bado akibishana. Nilijifunza kuwinda kama yeye, kukunja, kunusa, kubonyeza. Mara nyingine nilijikuta nimeshika jozi mkononi ninasema moyoni, hii ataipenda, na hapo niliiweka chini nikaenda zangu nyumbani. Rafu yangu ya juu ilijaa, nikaongeza nyingine. Nilizivaa na kuzifurahia, kisha nikazirudisha juu ya ile leso.

Lakini lile boksi juu ya kabati lilininyima raha. Miaka ilipita minne, ukaingia wa tano, na raba zenyewe zilikuwa zimetoka kwenye mtumba, zilikuwa zimezeeka kabla hata hazijafika kwetu. Nilijua kinachoendelea mle ndani ya nailoni. Mwishowe nikamwambia Mama. Nikamweleza kwa upole jinsi soli zinavyooza zikikaa, nikamwomba aziteremshe nizivae, hata mara moja kwa wiki, humu humu ndani.

"Uzivae?" akasema. "Kwa nini, amekufa?"

"Sijasema amekufa, Mama. Nasema zitakufa raba."

"Mwenyewe akija akute wewe umezimaliza?"

"Akija akute vumbi je?" Nilipaza sauti, mpaka mpangaji wa chumba cha kwanza akapunguza redio yake asikie vizuri. "Unadhani unamwekea? Humwekei kitu! Unazinyonga!"

Ngai! Neno hilo lilitoka kabla sijalipima. Mama alinitazama mpaka nikainamisha macho, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Siku kadhaa tukawa tunasalimiana kama wapangaji.

Jumapili iliyofuata nilitangulia kurudi kutoka kanisani. Nilikuwa jikoni niliposikia Mama ameingia, kisha kimya, kisha hatua za mtu kwenye korido, nzito nzito, zinakwenda getini na kurudi. Nikachungulia. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa kichwani, soksi mbili mbili, na miguuni zile raba nyeupe, zikimpwaya. Alikuwa anatembea huku anatazama mbele, mikono imeshika gauni lisiburute.

"Mimi nilimbeba tumboni," akaniambia bila kusimama. "Nikizivaa mimi, si kama zimevaliwa na mtu mwingine."

Ikawa desturi yake. Kila Jumapili akitoka kanisani alitembea getini na kurudi mpaka jasho likamtoka. Mpangaji mmoja alicheka, akamwita bibi wa raba, nikamfuata mlangoni kwake nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na hakucheka tena. Na Mama, yule Mama wa viatu vya wafu, akaanza kuzipenda. "Kumbe ndiyo maana," alisema siku moja akijishika goti. "Zinambeba mtu." Akataka nimfundishe kuziosha. Akaniuliza kaka alikuwa anabonyezaje, nikamwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba. Tulikaa kwenye korido na beseni kati yetu, akinisimulia jinsi kaka alivyokataa kutembea mpaka alipotimiza mwaka na nusu, halafu siku moja akainuka akaenda moja kwa moja mpaka mferejini. Sikuwa nimewahi kuisikia hadithi hiyo. Nilifurahi sana, na nikaogopa, kwa sababu kidole changu kiliposhika soli kiliona nyufa nyembamba tayari.

Nilizipeleka kwa fundi wa viatu pale stendi. Akageuza, akabonyeza, akanirudishia. Akasema gamu ya kubandikia soli inashika kitu kigumu, hii imeshalainika ndani kama mkate uliolowa. Nikamwambia Mama hivyo hivyo, sikumficha.

"Zitamfikia," akasema. "Atazikuta."

Zikaingia mvua za masika, zile za mwaka huu, kila ukuta ukawa unatoka jasho. Jumapili moja mvua ilipisha kidogo, Mama akazivaa. Mimi nilikuwa kwenye kigoda nikikamua kamba za viatu. Alikwenda getini vizuri. Akirudi, alipofika kwenye mfereji, nilisikia kitu kama biskuti ikivunjika. Soli ya kushoto ilikuwa imebaki nyuma yake, vipande vipande, rangi ya manjano iliyochafuka. Akapiga hatua moja zaidi na ya kulia ikafuata. Mama akasimama pale, soksi zake zikinywa maji yaliyotuama kwenye saruji, na vile vitambaa vyeupe vya juu ya raba vimemzunguka miguu bila kitu chini yake.

Niliinuka kumshika, akanizuia kwa mkono. "Niletee ufagio," akasema. Nikamletea. Alifagia mwenyewe, akainama akaokota hata vile vipande vidogo vilivyoingia kwenye mtaro wa mfereji, akavitia kwenye boksi pamoja na vilivyobaki. Kisha akakaa kwenye kigoda changu na kuvua soksi moja moja. Hakulia.

"Lete zile zingine," akasema.

Sikuuliza zipi. Niliondoa leso, nikazibeba kwa awamu, nikazipanga mbele yake kwenye korido. Alichukua kila kiatu, akakikunja, akabonyeza kwa kidole gumba kama nilivyomfundisha. Zilizokwisha akaziweka upande wa ukuta. Nzima zilikuwa chache. Akatoa jozi moja nyeusi, ile ambayo kaka aliivaa siku tulipomzika Baba, akanipa. "Vaa hizi. Zilizobaki, mpigie shangazi yako simu. Mwambie aje na vijana wake."

Nikazivaa, nikafunga kamba hovyo. Nikasimama.

"Zinakutosha?" akauliza. Na alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani kwamba zinanitosha.

"Zinanitosha, Mama."

Ndipo akapiga nduru. Ile ya msiba, ambayo hakuwa ameipiga tangu kaka aondoke, si siku ile ya kwanza, wala kwenye mabenchi ya vyumba vya maiti. Milango yote ya korido ilifunguka. Wapangaji wakatoka, mmoja na mwiko mkononi, mwingine na mtoto, wakatukuta mimi nimepiga magoti nimemshika Mama, na viatu vimetapakaa kila mahali. Wakaniuliza nani amefariki. Nikawaambia ni kaka yangu. Mmoja akauliza ni lini.