Nembo ya Asali ya Ipole

Baba yangu ni fundi cherehani, na kwake yeye kazi ni kitu unachoweza kukishika mkononi. Mimi nachora nembo kwa kompyuta: za maduka, za shule, za saluni, hata ya muuza kuku mmoja aliyetaka kuku anayecheka. Sina bosi. Ofisi yangu ilikuwa kile chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Tabora, chenye mlango wa barabarani, na fundi simu mmoja alikuwa anakitaka kwa udi na uvumba.

"Mwanangu," Baba aliniambia tukinywa chai, "kukaa kutwa unabofyabofya siyo kazi. Mwezi ukiisha hujanionyesha kitu, chumba nampa fundi simu."

Nilinuna. Mimi nina hasira za karibu, lakini kwa Baba zinaishia kwenye kikombe cha chai. Bila chumba kile ningerudi kumshonea vifungo vya kanzu, na kushona sikuwezi wala sikupendi.

Wiki hiyohiyo warina asali wa kijiji cha Ipole wakanipigia simu. Wameunda kikundi, wanataka nembo ya kubandika kwenye chupa zao. Nikasema ndiyo hii! Nikaenda. Wakanitembeza porini kunionyesha mizinga yao ya magome iliyoning'inia mitini. Kwenye mzinga mmoja niliona alama iliyochongwa kwa kisu: mistari miwili imepishana, na kijiduara juu yake. Wallahi ilikuwa nzuri! Mimi nahangaika na kompyuta siku nzima nipate kitu chepesi hivyo, huyu kakipata kwa kisu. Sikuuliza chochote. Nikaipiga picha, nikarudi nayo mjini, nikainyoosha, nikaitia rangi ya asali, nikajiona bingwa.

Nilipowapelekea, wote walikunja uso, isipokuwa mzee mmoja aliyekuwa anacheka meno yote nje. Mwenyekiti wao, mama mmoja mkavu wa maneno, akaniuliza, "Binti, huyu mzee kakuhonga nini?"

Kumbe kila mrina asali ana alama yake. Anaichonga kwenye mizinga yake yote, na ukiona alama ya mtu hugusi. Mimi nilikuwa nimechukua ya yule mzee. Yaani kila chupa ya kikundi ingesema asali yote ni yake!

"Mimi nimeipenda," mzee akasema. "Isibadilishwe hata kidogo."

Wakamvamia kwa maneno, huyu kwa Kinyamwezi, yule kwa Kiswahili, naye anazidi kucheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilishakiona chumba changu kimejaa simu zilizopasuka vioo.

Hasira zikanipanda, za kujikasirikia mwenyewe, na siku hiyo zilinisaidia. "Haya basi," nikapaza sauti, "kila mtu anichoree ya kwake, hapahapa chini!"

Wakachora mchangani kwa vijiti, wakizozana nani kapindisha mstari. Nikazipiga picha zote. Nyumbani nilichora mzinga mmoja umening'inia kwenye tawi, na ubavuni mwake nikaacha nafasi wazi. Hiyo ndiyo ikawa nembo ya kikundi, na kwenye ile nafasi kila mmoja anapiga muhuri wa alama yake mwenyewe. Niliwatumia picha kwa simu. Safari hii hata mwenyekiti alicheka.

Walikuja wenyewe Tabora kuchukua lebo na mihuri yao. Chumba kikajaa, wengine wakabaki barazani. Yule mzee aligonga muhuri wake kwenye kila karatasi aliyoiona, hata gazeti la Baba. Baba akaacha cherehani yake, akaja kusimama mlangoni. Akaokota lebo moja, akaipapasa kwa kidole gumba kama anavyopapasa kitambaa kabla ya kukikata. Mimi nikajifanya nahesabu mihuri, jamani.

Katikati ya zogo hilo fundi simu akatokea, maana mwezi ulikuwa umeisha.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa ajili ya kile chumba."

"Marahaba," Baba akaitikia, macho yake bado yako kwenye lebo. "Katafute kwingine, mwanangu. Humu mna fundi."