Namba Saba Yuko Ndani, na Namba Saba Ni Mimi

Wadau, ushawahi kukataliwa mlangoni kwa sababu eti tayari uko ndani?

Mimi yalinikuta. Morogoro mjini, mwaka 1999, enzi zile soko limefunguliwa na kila mwenye pikapu anapanda Uluguru kununua mdalasini.

Naitwa Jesca. Nilikuwa katibu muhtasi wa Bwana Laurenti, mwenye kampuni ya viungo. Mzee kaleta kompyuta, nyaraka zote zikawekwa kwenye mashine moja kubwa. Ukitaka kuzifungua, kompyuta yako inajitambulisha kwa namba yake.

Yangu saba.

Asubuhi hiyo nilikuwa namalizia mkataba wa mdalasini wa wakulima wa Kinole. Dereva wa mnunuzi yuko getini, gari linanguruma. Akiondoka mikono mitupu, mzigo wa watu unabaki unaoza stoo.

Nawasha. Mashine inagoma: namba saba yuko ndani, nimtoe?

Saba gani? Si mimi huyu, niko nje!

Nikabonyeza ndiyo. Nikaingia. Hata mstari sijamaliza, nikatupwa nje.

Nikamtoa tena. Nikatolewa tena.

Mama Paskalia wa mafaili, Mluguru wa kule juu milimani, akajishika kiuno. "Mwanangu, hapo mko wawili. Na mmoja si mtu."

Nywele zilinisimama. Dereva naye anapiga honi.

Nikapanda ghorofani kwa bosi, mbio. Kufika mlangoni nasikia:

"Namba saba, toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

Nikachungulia. Bosi mzima na tai yake, rozari shingoni, anainyunyizia kompyuta yake mpya maji ya baraka.

"Shikamoo bosi."

"Marahaba. Usiingie, Jesca! Humu mna pepo. Kila nikifungua mkataba nirekebishe bei, ananitoa."

"Bosi... saba ni mimi."

Akanitazama kuanzia viatu. Chupa bado iko mkononi.

Akaitwa Elia, fundi wa kompyuta. Akajikuna kisogo.

"Mzee, si ulisema unaitaka leo leo? Nikanakili ya dada Jesca yote kama ilivyo. Kumbe na namba imekuja nayo."

Yaani muda wote ule bosi ananifukuza mimi, na mimi namfukuza bosi! Ningejua ningebonyeza kwa adabu.

"Mpe namba nane," bosi akasema, hanitazami usoni.

Elia akainama. Kompyuta ya bosi ikatoa cheche, ikazimika. Pepo hakutoka, ila roho ya mashine ilitoka. Maji yalishaingia.

Basi mkataba tukaumalizia chini kwangu. Mimi nachapa, bosi kasimama nyuma ananitajia bei, Mama Paskalia yuko getini anamlisha dereva ndizi asiondoke.

Mkataba ukaenda. Mdalasini ukaenda.

Jamani, kila mtu apewe namba yake. Na kabla hujakemea pepo, ita fundi.