Somo Aliyefungua Dirisha

Mimi ni somo. Msichana wa Kikwajuni akikaribia harusi hufungiwa ndani nami, nikamsinga mwili kwa liwa ya msandali, nikamfukiza udi na kumfunda mambo ya unyumba. Madirisha hufungwa, kwani mwari haonekani mpaka siku yake.

Safari hii mwari alikuwa binti wa wifi yangu, mtoto niliyemlea mgongoni. Hedhi yangu nayo ilikuwa imeanza kuruka miezi. Tulipokuwa kwenye udi, joto likanipanda kutoka kifuani hadi utosini, jasho likalowesha kanga. Nikavumilia, nikashindwa. Nikafungua dirisha.

Wifi akaingia mbio. "We! Mtoto ataonekana!" Akaniona ninavyotetemeka. "Huyu ana pepo. Leteni ubani."

Naungua, wao wananiongezea moto! Niliwafokea wote, na hilo likawa ushahidi wa pepo. Jioni wifi akaniambia nikapumzike, atatafuta somo mwingine. Nililia njia nzima, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Asubuhi nikaenda kwa daktari. Akanipima, akanieleza kuwa hedhi inakoma na wala si ugonjwa. Nivae nguo nyepesi za pamba, nipunguze chai ya moto na pilipili, nitembee. Usingizi ukizidi kupotea nirudi, dawa zipo. Na nikimaliza mwaka bila hedhi kisha nikaona damu, nisikae nayo nyumbani.

Sikurudi kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nikawakuta wanawake ukumbini wanachagua mchele.

"Sina pepo," nikasema. "Hedhi inanikoma. Nani hapa haijamkuta, au haitomkuta?"

Wifi, aliyenizidi umri, aliinamia ungo wake.

"Mimi nlikuwa nikilala sakafuni kwa joto," akasema. "Sikumwambia mtu."

"Hata mimi, wifi yako?"

"Nani alonambia mimi?"

Sikuomba ruhusa. Nikaingia kwa mwari, nikafungua dirisha, nikatundika kanga juu yake. Upepo ukaingia na hakuna aliyemwona.

Somo wangu alinifunda damu inavyoanza, akanifunda mume, akanifunda uzazi. Mwisho wa damu hiyo hakuutaja kabisa. Nikamkalisha mwari mkekani nikaanza na huo mwisho. Wifi alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, akijifanya anapita.

Nikapaza sauti, naye asikie.