Mwezi Mpevu wa Mama Seloni

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, ambayo hakuna mwanamke wa kambi ya barabara pale Tunduma aliyeweza kukaa kitako. Mvua haikuwa imekatika tangu Jumapili. Waume zetu walikuwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Isongole, wakijenga daraja la mbao, na mpita njia mmoja alituletea habari kwamba mto umepanda na daraja limekwenda na maji. Zaidi ya hapo hakujua lolote. Habari nusu, mwanangu, huumiza kuliko msiba. Msiba una mahali pa kulilia.

Nilikuwa nimeolewa karibuni na Yohana, seremala, mtu wa Ihanda kama mimi. Asubuhi ile nilitoka mlangoni, nikarudi, nikabeba kuni, nikazitua, nikatoka tena. Uji uliungua nikiutazama. Mwisho nikaenda kazini, nyumbani kwa msimamizi wa barabara, nilikokuwa nikifua nguo.

Msimamizi huyo alitoka kisiwa cha Seloni, huko India inakoishia. Sisi tulimwita Bwana Seloni, na mkewe Mama Seloni. Hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Walifuata mafundisho ya Buddha, na siku zao kuu zilikwenda kwa mwezi. Kila mwezi ulipopevuka, Mama Seloni alivaa nguo nyeupe tupu, hakugusa nyama, hakula kitu baada ya adhuhuri, hakuua hata mbu. Alikaa mkekani mbele ya sanamu ndogo, maua na taa ya mafuta. Mawingu yakiuficha mwezi, kama siku zile, alitazama kalenda ya kwao iliyotundikwa ukutani.

Basi siku ile ndiyo ilikuwa siku yake. Nikamkuta amekaa, kimya, na hasira ikanipanda.

"Mama," nikasema, "mume wako yuko mtoni, na wangu yuko mtoni. Unawezaje kukaa?"

Akanionyesha nafasi mkekani kando yake. 

"Unadhani moyo wangu umetulia, Rabeka?" alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Unakimbia kuliko wako. Lakini leo ni siku ya kuukalisha. Nikiuachia, utanikimbiza mpaka mtoni. Kaa na wewe."

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena.

Hapo ndipo tuliposikia makelele uani. Wake wa vibarua walikuwa wamekuja, Namwinga mbele yao, ambaye mumewe na mwanawe wote wawili walikuwa kwenye lile daraja. Jiwe lilikuwa mkononi mwake.

"Mtoe nje!" alipiga kelele. "Watu wetu wanazama, yeye anawasha taa na kuuabudu mwezi! Ndiye anayeyaita maji haya!"

Nikajikuta nimesimama mlangoni. Usidhani ulikuwa ushujaa. Miguu yangu ilikuwa imechoka kutangatanga, ikaona afadhali isimame pale.

Bahati nzuri baba mkwe wangu, Mzee Simbeye, alikuwa anaingia, blanketi kichwani, matope hadi magotini. Alikuwa mzee wa kanisa, na alikuwa ametembea kutoka Ihanda kumtafuta mwanawe.

"Namwinga," alisema, "Pasaka ni lini?"

Mama wa watu akashangaa. "Si Jumapili hii, baba?"

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana ilichelewa."

"Nani huwa anaihamisha?"

Mzee akalishusha blanketi lake mabegani.

"Ni mwezi," alisema mzee. "Pasaka huungoja mwezi upevuke, ndipo ije. Ni mwezi huu huu anaoungoja huyu mama. Je, na sisi tunauabudu? Hofu ikikosa adui, binti yangu, hujichongea mmoja. Mume wake yumo katika maji yale yale. Weka jiwe chini."

Namwinga aliliachia jiwe, akaketi kwenye tope, akalia. Mama Seloni akatoka. Adhuhuri ilikuwa imepita, naye kula hakuruhusiwa, lakini aliniambia nipike wali na dengu kwa wingi. Wanawake wale wakala barazani kwake, na yeye akakaa kati yao bila kuonja, akisikiliza mvua.

Kesho yake jua likielekea kuzama, wanaume walitokea njiani. Yohana alikuwemo. Mume wa Namwinga na mwanawe walikuwemo. Bwana Seloni hakuwemo.

Yohana ndiye aliyesema. Walikuwa wamefunga kamba mtini, na bwana akasimama mwenyewe majini akiikaza, akiwavusha mmoja mmoja. Wa mwisho kuvuka alikuwa mtoto wa Namwinga. Kisha likaja gogo, likamchukua bwana.

Namwinga akapiga magoti mbele ya yule mama.

"Inuka," Mama Seloni alimwambia. "Leo sina neno la kukupa."

Ikaja amri ya serikali kwamba Mama Seloni arudishwe kwao kwa meli. Akaomba asubiri kwanza mwezi mpevu wa Mei, siku iliyo kuu kwao kupita zote, ya kuzaliwa kwa mwalimu wao, kupata kwake nuru na kufa kwake. Siku hiyo huwapa chakula wapita njia, na huomba wema huo uwafikie wafu wao.

Siku ilipofika tukaweka vyungu kando ya barabara, walipopita vijana wanaokwenda kwenye migodi ya Rhodesia. Lakini nani angekula chakula cha mjane wa kigeni aliyevaa nyeupe? Walitazama, wakanong'ona, wakapita. Jua likapanda. Mama Seloni alikuwa akipanga sahani, akizipangua, akizipanga tena. Siku ile, hata yeye hakuweza kukaa.

Mara tukamwona Namwinga, amevaa gauni lake jeupe la Meza ya Bwana, na chungu cha maharage kichwani. Akakitua pamoja na vyetu. Akachukua sahani, akapakua, akala mbele ya macho ya watu wote. Kisha akawaita wapita njia kwa sauti ile ile iliyokuwa imedai mwenzake atolewe nje:

"Njooni mle, wanangu! Hiki ni chakula cha mtu aliyenirudishia mtoto!"

Wakaja. Vyungu vikaisha, tukapika vingine. Mama Seloni aliondoka baada ya siku chache, na sikumwona tena.

Mwanangu, nakuona na wewe siku hizi hutulii. Dunia itakuletea habari nusu nyingi. Zikija, usitafute mtu wa kumtupia hofu yako. Ngoja, uliza, na kama kungoja kunakushinda, shika kazi ya kumfaa mtu. Jirani akiwa na siku yake ambayo huielewi, usimcheke. Muulize inaitwaje na umsaidie nini. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini anayeuliza huambiwa. Na ukikosea, usibaki na aibu yako ndani ya nyumba. Toka nayo, ubebe na chungu.

Mungu akupe moyo unaokaa. Akupe majirani watakaosimama mlangoni kwako, na safari zako zote, za mvua na za jua, zikurudishe kwa wanaokungoja. Amina.