Diski ya Mama Picha

Mama Picha alirekodi video za harusi na kuzihariri sebuleni kwake, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na mlango wa uani. Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Ukiiambia ikate kipande kifupi tu, utafua nguo, utaanika, utarudi uikute bado inafikiria. Akaamua kuunda nyingine mwenyewe, kifaa kwa kifaa.

Alianza kwa kuuliza na kusoma. Akajua kwamba prosesa, ubongo wa kompyuta, haikai kwenye madabodi yoyote ile, yaani ubao wa kushikia vifaa; kila moja ina tundu lake. RAM za kizazi kimoja, vile vijibao vya kumbukumbu, haziingii kwenye nafasi za kizazi kingine. Na kadi ya video ni mlafi wa umeme, ukiipa pawa saplai dhaifu, kile kisanduku cha kuigawia umeme, itakuzimikia katikati ya kazi. Lakini kabla hajanunua chochote, mama mkwe akamwita.

"Mwanangu, una shemeji fundi, riziki unawapelekea watu baki?"

Shemeji mwenyewe, mdogo wa mumewe, mtaani walimwita Mjuzi. Alikuwa na kibanda cha vifaa vilivyotumika. Alikuja na boksi, akala kwanza, akafuta vidole kwenye suruali, kisha akaitoa madabodi kwa vidole vile vile vya mafuta. Pawa saplai yake ilinuka mkojo wa panya. Ilipowekwa mezani, mabawa ya mende yakadondoka juu ya kitambaa.

"Vumbi tu hilo, shemeji. Ukiwasha litaungua lenyewe."

RAM nazo zikagoma kuingia.

"Hizi ni za zamani," Mama Picha alisema. "Haziendani na hii."

"Kila kitu kinaendana, ni kukibembeleza tu." Mjuzi akatoa tupa mfukoni, akaanza kuichonga RAM ukingoni. Unga wa kijani ukamwagika mezani, naye akaupuliza kuelekea kwenye sahani alizolia.

Mama Picha aliziondoa sahani. "Kusanya vitu vyako, shemeji. Nitanunua dukani."

Mjuzi hakununa. Alibeba boksi lake, na alipofika mlangoni akaikwapua kompyuta ya zamani iliyokuwa imewekwa kando. "Basi hii nikakuuzie kibandani kwangu." Kwa hamu ya kumwona anatoka, Mama Picha akamwachia.

Kesho yake, dukani, muuzaji alimuuliza anataka diski ya ukubwa gani. Hapo ndipo alipokumbuka. Kazi alikuwa na nakala zake nyumbani, lakini diski ya ile kompyuta hakuifuta. Harusi za watu zilikuwa humo, na vyumba vya kuvalia, na yote aliyoombwa ayakate. Aliacha vifaa kaunta akaenda kibandani mbio mbio.

Mjuzi na rafiki zake wawili walikuwa wameinamia skrini. Bi harusi, na taulo kifuani, alikuwa analia mikononi mwa mama yake, na mama naye amevaa gauni la ndani tu. Mjuzi alirudisha nyuma, akacheza tena, wakacheka.

"Zima," Mama Picha alisema.

"Shemeji, tunajaribu diski kama nzima."

"Unaijaribu mara ngapi?"

Mmoja wa wale rafiki alianza kuficha simu. Mama Picha akanyoosha kiganja. "Fungua." Kumbe yule rafiki alikuwa ameirekodi skrini. Akamsimamia mpaka akafuta, kisha akachukua bisibisi iliyokuwa mezani, akaichomoa diski, akaazima nyundo kwa fundi viatu wa jirani na kuivunja pale pale kizingitini. Kila pigo lilimwongezea kinyaa badala ya kumpunguzia.

Jioni alimpigia bi harusi, maana aliona kunyamaza ni kushirikiana nao. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mama wamemwona?"

"Wamemwona."

"Nilikuamini wewe," alisema, akakata simu.

Mama mkwe aliwaita wote kusuluhisha. "Ni utani wa vijana. Ndugu hawatupani."

Mume wa Mama Picha, dereva wa lori asiye na maneno mengi, alikuwa anakunja ukingo wa kofia yake. "Mama, ingekuwa ni wewe kwenye ile skrini, ungesema ni utani?"

Mjuzi akasema watu siku hizi wanakuza mambo, akaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyeinuka kumletea.

Kompyuta mpya iliunganishwa kwa vifaa vya dukani, kila kimoja kikikaa mahali pake bila kulazimishwa, ikawaka mara ya kwanza. Inakata video kabla hujamaliza kupepesa macho. Mama Picha anaifanyia kazi vizuri. Ila bi harusi akianza kulia chumbani, huizima kamera, akatoka nje, akasubiri aitwe. Na Mjuzi akibisha hodi, humjibu kutoka ndani kwamba kaka yake hayupo, hata kama amekaa pale kwenye kochi.